Seva iliyokwama kila mwisho wa mwezi: niliyojifunza kuhusu kupima diski

Mfumo ukikwama ofisini, wa kwanza kulaumiwa ni mtandao. Ikithibitika mtandao ni mzima, lawama huhamia kwenye RAM, kisha kwenye virusi. Diski hukumbukwa mwisho, na mara nyingi huwa imeshaharibika. Naandika haya kwa ajili ya mtu anayetunza seva moja au mbili za ofisi peke yake, bila timu nyuma yake, kwa sababu nimeona fedha na usingizi vinavyopotea pale ambapo hakuna anayeipima diski mpaka kazi isimame.

Seva ninayoizungumzia ilikuwa ya SACCOS ya watumishi katika mji mmoja wa mkoani, Tanzania. Mashine ya kawaida, diski mbili za kuzunguka za TB 2 kila moja, mizunguko 7,200 kwa dakika, zimefungwa pamoja kwa RAID 1 ya Linux, yaani kila kinachoandikwa huandikwa kwenye zote mbili. Juu yake Debian (aina ya Linux), MariaDB (kanzidata), mfumo wa akiba na mikopo ulioandikwa kwa lugha ya PHP, na folda kubwa ya picha zilizoskaniwa: vitambulisho, hati za mishahara, fomu za wadhamini. Wanachama wengi ni walimu na wauguzi. Katikati ya mwezi ofisi hutulia. Mishahara ikiingia, benchi za kusubiria hazitoshi.

Tatizo la kwanza lilikuwa rahisi kuliona, la kujaa. Keshia alipiga simu: "Kaka, nikisevu inakataa." Kwenye logi ulikuwepo ujumbe ambao kila mtunza seva ataukuta siku moja: No space left on device. Amri ya `df -h`, inayoonyesha nafasi iliyotumika, ilionyesha /var, eneo la logi na kanzidata, imefika asilimia 100.

Kujaa kuna sura nyingi kuliko watu wanavyodhani, na hapo ndipo muda hupotea. Sehemu kubwa ya nafasi ilikuwa imeliwa na binary log za MariaDB, yaani kumbukumbu za kila badiliko la kanzidata. Aliyefunga mfumo miaka ya nyuma aliziwasha kwa ajili ya seva ya pili ambayo haikununuliwa kamwe, na hakuweka muda wa kuzifuta. Hizo haziondolewi kwa `rm`, kwa sababu kanzidata ina orodha yake ya mafaili hayo na ukiyanyofoa kinyemela orodha haitalingana na kilichopo. Unaingia ndani ya MariaDB na kuandika `PURGE BINARY LOGS BEFORE NOW() - INTERVAL 7 DAY;`, kisha unaweka ukomo kwenye mipangilio ili usirudi tena huko.

Kulikuwa pia na logi ya PHP iliyofikia makumi ya GB. Nililifuta faili lile, nikarudia `df`, na tarakimu hazikusogea. Wakati huohuo `du -xsh /var`, inayojumlisha ukubwa wa mafaili yenyewe, ilionyesha kwamba vitu vimepungua. Linux hairudishi nafasi ya faili lililofutwa mpaka kila programu iliyolifungua iliachie. Ukiona `df` na `du` zinapishana kwa kiasi kikubwa, andika `lsof +L1`. Itakutajia mafaili yaliyofutwa ambayo bado yameshikiliwa, na nani ameyashikilia. Ukiiwasha upya huduma hiyo tu, nafasi inarudi palepale. Hakuna haja ya kuizima seva nzima wakati watu wako kwenye mstari. Kwa logi inayotumika, afadhali `truncate -s 0` kuliko `rm`.

Sura ya tatu ilitutokea baadaye na ndiyo iliyonitesa zaidi. Ujumbe uleule wa kukosa nafasi, lakini `df -h` inasema zaidi ya theluthi moja iko wazi. Kilichokwisha kilikuwa inodi, rekodi ambazo mfumo hutumia kulitambua kila faili. Kila faili, hata liwe na herufi moja, linachukua inodi moja, na ext4, mfumo wa mafaili wa Linux, kwa kawaida hutengeneza inodi moja kwa kila KB 16 za nafasi wakati diski inapofomatiwa. Idadi hiyo haiongezwi baadaye bila kulikuza eneo lenyewe. Mfumo wetu ulikuwa ukihifadhi mafaili ya sesheni za PHP, taarifa za muda za kila anayeingia, kwenye folda yake binafsi. Debian ina kazi ya kusafisha sesheni za zamani, lakini hupita kwenye folda zilizotajwa katika mipangilio ya PHP tu. Folda iliyowekwa ndani ya msimbo wa programu haiijui, na usafishaji wa PHP yenyewe Debian imeuzima. Vifaili vidogo vikarundikana miezi na miezi bila mtu kujua. Tangu hapo `df -i` huwa naiandika pamoja na `df -h`, kila mara.

Jambo moja dogo kabla sijaendelea. Ext4 hutenga asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya mtumiaji root, msimamizi mkuu wa mashine. Kwenye diski ya TB 2 hiyo ni karibu GB 100 ambazo programu za kawaida haziwezi kuzigusa. Kwenye eneo la mfumo wenyewe iache, ni kinga nzuri. Kwenye eneo la picha na hati, `tune2fs -m 1` hukurudishia sehemu kubwa, na haikulazimu kuzima chochote.

Basi, nafasi ikapatikana, tukapumua. Mwisho wa mwezi uliofuata mfumo ukawa mzito.

Ulikuwa haufi. Keshia anabofya, ukurasa unazunguka nusu dakika, halafu unafunguka kana kwamba hakuna kilichotokea. Mbele ya dirisha mwalimu mstaafu amesimama na kitabu chake cha akiba, amekuja kwa basi kutoka wilayani na anatakiwa kuwahi gari la kurudi. Wahudumu waliishia kuandika miamala kwenye daftari na kuja kuiingiza jioni, na miamala miwili ikaingizwa mara mbili. Kwa SACCOS hilo si usumbufu tu. Ni hela ya mtu.

`top` ilionyesha jambo lililowashangaza wote: wastani wa mzigo zaidi ya 20 kwenye mashine yenye kori nne, lakini CPU yenyewe karibu haina kazi. Mtu aliyezoea mifumo mingine ya ukoo wa Unix ataona hii ni ajabu. Kwenye Linux, wastani wa mzigo hauhesabu programu zinazoisubiri CPU peke yake. Unahesabu na zile zilizolala usingizi usiokatizika, nyingi zikiwa zinaisubiri diski. Ndivyo ilivyo tangu mwaka 1993. Kwa hiyo mzigo mkubwa na CPU tulivu ni ishara ya kutazama diski. Kwenye mstari wa CPU wa `top`, herufi `wa` husema ni asilimia ngapi ya muda CPU imekaa bure ikisubiri kusoma au kuandika. Yetu ilipita 70.

Wakati huo, hata hivyo, ushauri uliotolewa na muuza vifaa ulikuwa RAM, na ofisi ikanunua. Zaidi ya laki nne za wanachama zikaenda hapo, na mwezi uliofuata mambo yakawa yaleyale. MariaDB ilikuwa bado na `innodb_buffer_pool_size`, kipimo cha RAM ambayo kanzidata inaruhusiwa kuhifadhia data, ya MB 128, kile kiwango inachoanzia nacho, kwa hiyo RAM mpya kanzidata haikuigusa. Ukiongeza RAM kwa ajili ya kanzidata bila kubadili mstari huo, umenunua kitu cha kukaa.

Kilichofungua macho ni `iostat`, iliyomo kwenye kifurushi cha sysstat. Naandika `iostat -x 5`, na ripoti ya kwanza naipuuza, kwa sababu ile ni wastani tangu seva iwashwe. Zinazofuata ndizo za sasa hivi. Hii ni sehemu ya nilichokiona asubuhi moja ya mshahara, safu nyingine nimeziondoa isomeke:

Device   r/s    w/s    r_await   w_await   aqu-sz   %util
sda      62.0   48.0   140.2     210.5     18.8     99.9
sdb      59.4   48.0   133.8     204.9     17.8     99.8

Safu mbili za mwanzo ni idadi ya maombi ya kusoma na ya kuandika kwa sekunde. `r_await` na `w_await` ni muda, kwa milisekunde, ambao ombi moja limetumia tangu kutolewa mpaka kujibiwa, kusubiri kukiwemo. `aqu-sz` ni wastani wa maombi yaliyokuwa yamo, yakisubiri au yakihudumiwa. `%util` ni sehemu ya muda ambao diski ilikuwa na walau ombi moja mkononi.

Wengi hutazama safu ya mwisho peke yake, na hapo ndipo wanapokosea. Fikiria dirisha la keshia. Anaweza kuwa na mteja mmoja mbele yake muda wote, mmoja akiondoka mwingine anafika, hakuna anayesubiri. Yuko kazini asilimia 100 na hakuna mwenye malalamiko. Kinachomuumiza mwanachama ni urefu wa mstari na dakika anazosimama. Kwenye diski hizo ni `aqu-sz` na `await`.

Tarakimu hizi zinathibitishana, na ni vizuri uifanye hesabu hii kwenye karatasi angalau mara moja. Chukua maombi 62 ya kusoma, zidisha kwa sekunde 0.1402, unapata karibu 8.7. Chukua 48 ya kuandika, zidisha kwa 0.2105, unapata 10.1. Jumla ni 18.8, ileile iliyopo kwenye safu ya foleni. Ndiyo maana pia wastani wa mzigo ulikuwa unacheza kwenye 20: wale walikuwa ni wasubiriaji wa diski.

Na kwa nini maombi 110 tu yaielemee mashine nzima? Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde, yaani mzunguko mmoja ni milisekunde 8.3. Kwa wastani kichwa cha kusomea husubiri nusu ya mzunguko, milisekunde 4.2, baada ya kuwa kimeshasafiri mpaka kwenye njia husika, jambo ambalo huchukua kama milisekunde 8 au 9. Jumlisha, utaona diski ya aina hii inahudumia maombi 80 hivi yaliyotawanyika kwa sekunde. Ikiwa na foleni huyapanga upya ili kichwa kisitangetange na hufika mia na kidogo. Zaidi ya hapo hakuna mpangilio wa programu utakaoibadilisha fizikia yake. Tangazo linalosema MB 150 kwa sekunde linazungumzia kusoma faili moja kubwa lililopangwa mfululizo, na kanzidata haisomi hivyo.

Sasa nani alikuwa anaisumbua? `pidstat -d 5` hutaja kila programu na kiasi inachosoma na kuandika. `iotop -o` hufanya hivyohivyo kwa sura inayosomeka haraka. Nilitegemea kuiona mariadbd juu. Juu yake kulikuwa na rsync, programu inayonakili bakapu. Ilikuwa saa tatu asubuhi, na bakapu iliyoanza saa nane usiku ilikuwa bado inaendelea.

Hapa ndipo penye jambo ambalo ningependa mtunza seva yeyote alishike kuliko mengine yote: `iostat` inakuonyesha sasa hivi, lakini sasa hivi peke yake haikwambii kama hali hii ni ya kawaida. Nilihitaji kujua bakapu ilikuwa ikiisha saa ngapi mwezi uliopita, na mwezi wa kabla ya huo. Hapakuwa na kumbukumbu yoyote. Kifurushi cha sysstat kina uwezo wa kuandika hali ya seva kila dakika 10, lakini kwenye Debian kazi hiyo huja ikiwa imezimwa. Unafungua /etc/default/sysstat, unabadili `ENABLED="false"` kuwa `"true"`, kisha `systemctl enable --now sysstat`. Kwenye /etc/sysstat/sysstat ongeza HISTORY kutoka siku chache inazoanza nazo hadi angalau miezi miwili. Mafaili yenyewe ni madogo mno kiasi kwamba huna sababu ya kuyaogopa. Fanya hivi siku seva ni nzima, leo ikiwezekana. Siku ya tatizo umeshachelewa, kwa sababu kitakachoandikwa ni tatizo pekee.

Baada ya hapo `sar -d -p -f /var/log/sysstat/saYYYYMMDD`, ukiweka mwaka, mwezi na tarehe mahali pa YYYYMMDD, hukuonyesha siku hiyo diski zilifanya nini, mstari baada ya mstari. Hakikisha kwanza saa ya seva iko sawa. Yetu ilikuwa kwenye UTC, saa tatu nyuma yetu, na nusu ya asubuhi niliitumia kutafuta mzigo mahali usipokuwepo. `timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam` ikamaliza utata.

Zilipopita wiki kadhaa picha ikajichora yenyewe. Idadi ya hati zilizoskaniwa ilikuwa inaongezeka kila siku, na rsync hulazimika kulikagua kila faili, lililobadilika na lisilobadilika. Bakapu ilikuwa inarefuka polepole. Siku za kawaida iliisha muda mfupi baada ya ofisi kufunguliwa na hakuna aliyeona. Mwisho wa mwezi, wanachama wanapofika saa mbili kamili, ilikutana nao uso kwa uso.

Suluhisho halikuhitaji kununua kitu. Bakapu ilianza kuondoka saa nne usiku badala ya saa nane. Hati za miaka iliyopita, ambazo hazibadiliki, zilifungwa katika mafaili makubwa ya tar kwa mwezi, hivyo malaki ya mafaili yakawa makumi. Rsync ya kila usiku ikabaki kupita folda za mwaka huu tu. `innodb_buffer_pool_size` tuliipandisha ili ile RAM ifanye kazi iliyolipiwa. Watu wengi hupendekeza `ionice -c3` mbele ya amri ya bakapu, nami naitumia, ila fahamu kwamba hutegemea mpangaji foleni wa keneli, angalia `/sys/block/sda/queue/scheduler`. Kilichochaguliwa humo kikiwa `none`, ionice haikusaidii chochote.

Ikabaki ripoti moja ya makato ya mikopo iliyokuwa ikisoma jedwali zima kila inapofunguliwa, kwa kukosa faharasa (index) kwenye safu ya namba ya mwanachama. Niliipata kwa kuwasha `slow_query_log`, kumbukumbu ya maombi ya kanzidata yanayochukua muda mrefu. Faharasa moja, na usomaji wa diski wakati wa mchana ukashuka kwa namna inayoonekana kwenye `sar` bila kutafuta. Nalisisitiza hili kwa sababu diski mara nyingi ndiyo inayolipa deni la programu iliyoandikwa vibaya, na ukikimbilia kununua diski mpya utakuwa umeliahirisha deni lenyewe.

Kuna mzigo mwingine uliotushtua kabla hatujaujua. Debian hukagua RAID ya programu Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, usiku wa manane, kwa kusoma diski zote mwanzo hadi mwisho. Kwa TB 2 huchukua saa nyingi. Kama ofisi yako hufanya kazi Jumapili, `cat /proc/mdstat` itakueleza ni kwa nini mambo ni mazito, na kasi ya ukaguzi hupunguzwa kupitia `/proc/sys/dev/raid/speed_limit_max`. Usiuzime. Ukaguzi huo ndio unaogundua sehemu mbovu kabla hujazihitaji.

Kwetu diski mbovu iligunduliwa kwa njia nyingine, na ni njia ambayo yeyote mwenye RAID 1 anaweza kuitumia bila gharama. Diski mbili zilizomo kwenye RAID 1 huandikiwa vitu vilevile, kwa hiyo `w_await` zao zinapaswa kufanana. Angalia tena zile tarakimu za juu: hata katika taabu, sda na sdb zinakwenda pamoja. Miezi kadhaa baadaye, mfumo ukiwa mwepesi na hakuna anayelalamika, nikaona kwenye `sar` kwamba sda inajibu kwa milisekunde 14 na sdb kwa zaidi ya 90. Mzigo ni uleule, mashine ni ileile. Pacha mmoja anaumwa.

`smartctl -a /dev/sdb`, inayosoma ripoti ya afya ya diski yenyewe, iliandika PASSED juu kabisa, na wengi huishia hapo. Shuka chini kwenye orodha. Mistari ya kuangaliwa ni namba 5, Reallocated_Sector_Ct, namba 197, Current_Pending_Sector, na namba 198, Offline_Uncorrectable. Safu ya mwisho, ya thamani ghafi, ikiwa 0 uko salama kwa upande huo. Ya 197 ilikuwa na sekta kadhaa zinazosubiri, na kila nilipoiangalia zilikuwa zimeongezeka. Jaribio refu, `smartctl -t long /dev/sdb`, lilikatikia katikati kwa kushindwa kusoma. `dmesg` nayo ilikuwa na makosa ya I/O ya diski hiyohiyo, yameandikwa kimya kimya siku nyingi.

Kubadilisha diski kwenye RAID si kazi ngumu, ila inatisha. Kabla ya kuchomoa chochote linganisha namba ya utambulisho (serial) ya `lsblk -o NAME,SERIAL` na ile iliyobandikwa kwenye diski yenyewe. Ukichomoa nzima na kuiacha mbovu, umeimaliza ofisi. Chukua bakapu kamili kwanza na uijaribu kuirejesha kwenye mashine nyingine. Weka kipakiaji cha kuwashia kwenye diski mpya pia kwa `grub-install`, maana bila hicho, siku ile nyingine ikifa seva haitawaka.

Tulifanya Jumamosi jioni. Diski ya TB 2 ikinakiliwa kwa MB 130 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa nne, na muda wote huo data ya wanachama wote iko kwenye diski moja yenye umri uleule wa ile iliyokufa. Meneja, mama wa makamo ambaye alikuwepo tangu SACCOS inafunguliwa, alipiga simu usiku. "Mwanangu, Jumatatu tutafungua?" Nikamjibu, "Tutafungua, mama," huku nikitazama asilimia kwenye /proc/mdstat na kusikiliza kama jenereta ya jirani imewaka, kwa sababu ikiwaka maana yake umeme umekatika mtaani na sisi tuko kwenye UPS. Uoga wa namna hiyo sitaki mtu mwingine aupate. Diski ya akiba iliyonunuliwa mapema inaupunguza sana, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na kusubiri mzigo utoke Dar es Salaam wakati RAID iko mguu mmoja.

Baadaye kanzidata ilihamishiwa kwenye SSD, picha zikabaki kwenye diski za kuzunguka. Hapo inabidi ubadilishe macho. SSD huhudumia maombi mengi kwa pamoja, hivyo `%util` ya 100 haina maana tena kwamba imefika mwisho; inasema tu kwamba haikukaa bila kazi. Kwenye NVMe, SSD za kasi zaidi, ndiyo kabisa. Tazama `await`. Ukizoea kuiona chini ya milisekunde 1 halafu ikakaa kwenye 15, kuna jambo, hata kama kwa diski ya kuzunguka 15 ingekuwa siku njema. Ndiyo maana nasisitiza kumbukumbu ya siku za kawaida: hakuna namba moja iliyo nzuri kwa kila diski.

Jihadhari pia na SSD za bei nafuu za kompyuta za nyumbani. Nyingi zina eneo dogo la kasi linalopokea maandishi kwanza; likijaa, kasi huanguka. Na zisizo na kinga ya kukatika kwa umeme huwa nzito pale kanzidata inapodai kila muamala uandikwe kweli kabla ya kuendelea. SSD huchakaa kwa kuandikwa, kwa hiyo `smartctl` iendelee kusomwa. Kwenye NVMe mstari wa kuangalia ni Percentage Used.

Wanaokodi seva kwenye wingu wana jambo lao. Huko kikomo si mzunguko wa sahani, ni mkataba. Mfano unaojulikana ni diski za gp2 za Amazon: hupewa maombi 3 kwa sekunde kwa kila GB, kiwango cha chini 100, na ndogo huruhusiwa kuruka hadi 3,000 kwa kutumia akiba ya salio la maombi milioni 5.4. Kwa kasi hiyo ya juu salio hukauka ndani ya dakika 30 hivi, kisha unarudishwa kwenye kiwango chako. Gp3, iliyotoka mwishoni mwa 2020, huanza na 3,000 bila kujali ukubwa. Dalili ya kugonga kikomo cha mkataba ni mchoro uliolala bapa kwenye namba ileile saa nzima. Diski halisi haifanyi hivyo. Mchoro wake hutetemeka.

Kuhusu tahadhari, siku hizi naendesha node_exporter, inayotoa vipimo vya mashine, kwenye seva na Prometheus, inayovikusanya na kupiga kengele, kwenye kompyuta nyingine. Nyingine, narudia, maana mlinzi anayelala chumba kimoja na anachokilinda hatapiga simu diski ikijaa. Badala ya kupiga kengele kwa asilimia 90 pekee, natumia `predict_linear` kukadiria kama nafasi itaisha ndani ya siku nne zijazo kwa mwendo wa sasa. Asilimia 92 iliyosimama hapo mwaka mzima si dharura. Asilimia 60 inayopanda kwa kasi usiku wa leo ni dharura. Inodi zina kengele yake. `await` nayo, lakini kwa wastani wa dakika 15, vinginevyo kila bakapu itakuamsha. Kama Prometheus ni kubwa mno kwako, skripti ya cron (kipanga kazi za muda maalumu) inayotuma `df -h`, `df -i` na mistari mitatu ya smartctl kwa barua pepe kila asubuhi inatosha, ilimradi uisome.

Mwisho, diski mpya yoyote ipime kabla hujaikabidhi data. Mimi hutumia fio, programu ya kupima kasi ya diski, kwa ukubwa wa KB 16, ambao ndio ukurasa wa InnoDB, injini ya MariaDB inayohifadhi data:

fio --name=jaribio --filename=/srv/jaribio.dat --size=4G --rw=randwrite --bs=16k --direct=1 --fsync=1 --runtime=60 --time_based

Isome kwenye mstari wa asilimia 99 ya muda wa majibu, yaani muda ambao maombi 99 kati ya 100 hayauzidi, achana na wastani, na uhifadhi matokeo pamoja na risiti ya diski. Na kwenye `--filename` andika jina la faili siku zote. Ukiandika /dev/sda hapo, fio itaandika juu ya data yako bila kukuuliza.